Masikio Manne ya Yonhwa

Sikio la kushoto la Seol Yonhwa lilikufa usingizini, bila maumivu wala kuaga. Alilala mzima, akaamka akidhani amelalia mto vibaya. Akavuta ndewe, akapiga makofi kando ya kichwa, akalidondoshea maji ya uvuguvugu. Kimya. Madaktari wa Gwangju walimchoma sindano wiki baada ya wiki, na mwisho wakamwambia, kwa ile sauti ya upole ambayo mgonjwa huielewa kabla maneno hayajafika, kwamba mshipa umekufa na haufufuki.

Kwa mtu mwingine ingekuwa bahati mbaya. Kwa Yonhwa ilikuwa kama mpishi kukatwa ulimi. Kazi yake ilikuwa kurekodi sauti za filamu: nyayo kwenye theluji, mlango wa chuma unaofungwa, soko linaloamka. Pale studio walimhurumia sana, na huruma yao ikamhamishia mezani kupanga ratiba za wenzake. Alipanga ratiba msimu mzima wa mvua, kisha akaandika barua ya kuacha kazi.

Kijiji alikozaliwa, Deokgol, kina kundi la ngoma la wakulima. Wanacheza wakizunguka duara, upatu mdogo ukiongoza, ngoma zikifuata, utepe mrefu mweupe ukiruka juu ya kila kofia. Wachezaji wenyewe wamezeeka, na vijana wote wako mjini. Halmashauri ikaamua kujenga nyumba ndogo ya kumbukumbu yenye chumba cha mviringo, spika zimepachikwa ukutani pande zote, ili mgeni akisimama katikati asikie ngoma zikimzunguka kana kwamba yumo ndani ya duara. Walipouliza nani atarekodi, Mzee Maeng, mpiga upatu na kiongozi wa kundi, hakungoja majina.

"Binti wa Seol," alisema. "Mwingine akija na mashine zake, mimi nina mafua siku hiyo."

Bajeti ilikuwa ya kijiji. Yonhwa akaenda studio kumwomba bosi wake wa zamani, Bwana Tak, amwazime ile maiki yao kubwa ya kurekodi sauti ya kuzunguka.

Tak alimkaribisha kahawa, akakuna shingo. "Usinielewe vibaya, Yonhwa. Ile maiki bei yake ni gari. Siwezi kuipeleka kwenye vumbi la mpunga. Halafu tuseme ukweli, sisi tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Sauti ya kuzunguka inataka masikio mawili. Ngoma ikipita nyuma yako, wewe utajuaje imetokea kushoto au kulia?"

"Nitajua."

"Kwa njia gani?"

"Hiyo bado," Yonhwa alisema, akavaa koti lake. "Lakini nitajua."

Alikuwa na mdogo wake wa kike, Gumju, mwenye duka la kimchi, yaani kabichi na figili za kuchachusha, na vitoweo vingine karibu na kituo cha basi. Gumju alikuwa na masikio mawili na mdomo wa watu watatu. Yonhwa alimwomba waende pamoja Seoul, kwenye soko la vifaa vya umeme, kutafuta maiki wanayoimudu.

"Nifunge duka siku ya watu kununua kimchi?" Gumju alilalamika, huku tayari anateremsha shata. "Zile figili zikichacha utazila wewe, dada."

"Nitazila."

"Na utacheua hapohapo dukani, wateja wakimbie."

Duka walilolifikia lilikuwa jembamba kama korido, limejaa nyaya hadi darini. Mwenyewe aliitwa Bwana Pyo, mtu wa makamo mwenye nywele zilizopakwa rangi nyeusi mno na miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso. Yonhwa alimweleza anachotaka na alicho nacho mfukoni. Pyo akafikiri, akapanda ngazi, akashuka na maiki moja iliyotumika, ndogo, yenye nyuso nne zilizokumbatiana kama ua ambalo halijachanua.

"Hii moja inasikia pande zote," alisema. "Ikiwa mpya usingeiota. Kwa kuwa imetumika, ni yako."

Yonhwa hakuitwaa hivihivi. Alimkalisha Gumju kwenye kiti, akamvalisha hedifoni, akamwambia afumbe macho na anyooshe kidole kule sauti inakotoka. Kisha akachukua bakuli la chuma na kijiko, akaanza kuzunguka maiki akigonga taratibu. Kidole cha Gumju kilimfuata vizuri mbele, kikamfuata kulia. Alipofika nyuma, kikayumba, kikarukia mbele.

"Dada, umeruka," Gumju alisema. "Ulikuwa begani, sasa uko kwenye pua yangu."

Pyo akatabasamu. "Labda masikio yamechoka na safari, dada mdogo. Au yana nta."

"Masikio yangu nimeyasafisha jana. Safisha maiki yako."

Yonhwa alivaa hedifoni mwenyewe, Gumju akazunguka na bakuli. Upande wa kushoto ulikuwa shimo. Upande wa kulia sauti zote zilikuja zimerundikana, mbele na nyuma zikiwa kitu kimoja. Akajaribu kugeuza kichwa, akajaribu kubadilisha pande za hedifoni. Hakuna. Kila alichoambiwa na Tak kilikuwa kweli. Alizivua hedifoni polepole, akaomba radhi, akatoka nje ya duka.

Gumju alimkuta ameegemea ukuta wa korido, anatazama wapakiaji wakisukuma mikokoteni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kimbap, wali uliokunjwa ndani ya mwani, iliyofungwa kwa karatasi, akampa kipande.

"Turudi nyumbani?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

"Nani kasema nyumbani?" Yonhwa alitafuna, macho yakiwa mbali. "Gumju, ile maiki ina nyuso nne. Kila uso unasikia upande wake tu. Haujui kushoto wala kulia. Ni sikio moja."

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Hata mimi ni sikio moja." Alimeza, akajifuta mikono. "Siwezi kuzisikia nne pamoja. Lakini naweza kuzisikia moja baada ya nyingine, nikazilinganisha. Hilo halihitaji la kushoto. Njoo."

Akarudi ndani, akamwomba Pyo afungulie uso mmoja mmoja. Mbele ya kila uso aliweka saa ya mezani, umbali uleule, akasikiliza kwa sikio la kulia huku amefumba macho. Nyuso tatu zilizungumza sawa. Wa nne ulikuwa mnyonge na mzito, kama mtu anayesema akiwa amejiziba mdomo kwa shuka.

"Huu hapa," Yonhwa alisema. "Huu ni mgonjwa."

Pyo alinyanyua nyusi. Akateremsha miwani, akavaa hedifoni, akasikiliza uso wa tatu, kisha wa nne, kisha akarudia. Tabasamu likamfutika. "Aliyeniuzia hakuniambia," alisema, akairudisha maiki kwenye kisanduku chake, na badala ya kuipandisha kwenye rafu akaiweka chini ya meza. "Samahani, dada. Na wewe, dada mdogo, samahani kwa lile la nta."

"Nimesamehe nusu," Gumju alisema.

"Nyingine ya namna hii bei yako haifiki. Sikudanganyi."

"Basi nionyeshe zile kama vidole." Yonhwa alionyesha sanduku la maiki nyembamba, fupi, rangi ya kijivu.

"Hizo? Hizo za kwaya za kanisa! Bei rahisi, kiwanda kidogo, hakuna inayofanana na mwenzake."

"Ziko ngapi?"

"Sanduku zima."

"Basi humo ndani lazima wamo wanne wanaofanana. Nitawatafuta."

Kazi ikaanza. Kwanza saa, kwa ajili ya kimya, maana maiki ya bei rahisi ina mvumo wake wa ndani, kama mchele unaomiminwa mbali, na ikivuma sana hufunika sauti ndogo. Kisha bakuli kwa nguvu, karibu kabisa, maana upatu wa Mzee Maeng ukilia karibu nawe meno hutetemeka, na maiki dhaifu huupasua mlio ukawa kelele tupu. Kisha sauti yake mwenyewe, akihesabu. Zilizovuma aliziweka kando. Zilizopasuka aliziweka kando. Zilizobaki alizirudia, mbili mbili, hii na ile, ile na hii.

Mwanzoni Pyo alikuwa akivuta pumzi kwa sauti na kutazama mlango. Baadaye akaleta chai ya shayiri. Baadaye zaidi alivuta kiti, akawa ndiye anayempokeza maiki na kubishana naye.

"Hiyo na ile ya kwanza ni pacha."

"Si pacha, ni binamu. Sikiliza herufi 's'."

"Mh." Pyo alisikiliza. "Binamu. Umeshinda."

Maduka ya jirani yalipoanza kufunga, mbele ya Yonhwa zilikuwa zimelala maiki nne. Walizifunga kwenye fimbo mbili zilizopishana, kila moja ikitazama upande wake, Gumju akarudi kwenye kiti na kufumba macho. Yonhwa alizunguka na bakuli. Kidole kikamfuata mbele, kulia, nyuma, kushoto, hakikuyumba. Akazunguka tena kinyumenyume, bila kusema. Kidole kikageuka naye.

"Acha, nahisi kizunguzungu," Gumju alisema akicheka. "Umenizunguka kama nzi."

Gumju ndiye aliyemalizia bei, na nyaya zikaingia humohumo bila kulipiwa, Pyo akilalamika kwamba hajawahi kunyolewa na wanawake wawili kwa siku moja.

Nyumbani Yonhwa alikata mabomba ya kianikio cha nguo kilichovunjika, akatengeneza msalaba imara. Ili upepo usivume ndani ya maiki alizishonea vifuniko vya manyoya, na manyoya yalitoka kwenye ukosi wa koti la Gumju, ambaye alikuja kugundua wakati koti halina ukosi tena.

Siku ya kurekodi mpunga ulikuwa umeshavunwa, na uwanja wa kupuria uko wazi. Yonhwa alisimika mlingoti katikati, msalaba wake wa maiki ukiwa juu yake. Wazee wakaja na kofia zao, Mzee Maeng mbele, upatu mkononi, mgongo umepinda lakini miguu ikiwa bado na deni la kucheza.

"Tusimame wapi?" mmoja aliuliza.

"Msisimame popote," Yonhwa alijibu. "Chezeni kama mlivyocheza siku zote."

Wakacheza. Duara likaanza polepole, likapamba moto, tepe zikachora miduara hewani. Wakati ngoma zimefikia pale ambapo mtu hajui tena kama anacheza au anachezwa, utepe wa mmoja wao ulinasa kwenye msalaba, ukauvuta na kuuzungusha. Mbele ikawa kulia, nyuma ikawa kushoto. Gumju, aliyekuwa na hedifoni, alipiga kelele.

Walisimama, wanahema. Mtu aliyevaa ngoma kubwa akakaa chini kabisa. "Si inatosha?" alisema. "Pombe ya mchele inapata moto kule."

"Haitoshi," Yonhwa alisema. "Tunarudia kutoka mwanzo."

Kukawa na manung'uniko. Mzee Maeng akajifuta jasho. "Mwanangu, magoti haya si yangu tena, ni ya daktari."

Yonhwa alimwendea, akainama kwa heshima, lakini maneno yake hayakuinama. "Mzee, wangeweza kuleta mtu mwenye masikio mawili, ukakataa. Ukanichagua mimi. Nikipeleka kazi iliyopinda, watasema ni kwa sababu ya sikio langu, na watasema ulichagua vibaya. Nipe duara moja zima."

Mzee aliukamata upatu upya. Kisha akawageukia wenzake. "Mmesikia? Inukeni. Bok, inuka, hiyo ngoma haijakufunika, umejifunika nayo."

Yonhwa aliunyanyua mlingoti hadi tepe zisiufikie, akauwekea magunia ya mchanga miguuni. Wazee walizunguka tena, na safari hii, labda kwa hasira, labda kwa fahari, walicheza kuliko mwanzo.

Walipokwenda kunywa, yeye alibaki kwenye kigogo na kinasa sauti. Alisikiliza maiki ya kwanza peke yake: upatu unakuja, unapita, unakwenda zake. Ya pili: upatu unakuja muda mfupi baadaye, unapita, unakwenda. Ya tatu. Ya nne. Kila moja ilimpokea Mzee Maeng kutoka kwa mwenziwe na kumkabidhi kwa anayefuata, bila pengo, bila mtu kudondoka njiani. Alijua duara limetimia. Alikaa pale mpaka jasho likamkaukia mgongoni, akaanza tena ya kwanza, kwa raha tu.

Chumba cha mviringo kilifunguliwa kabla ya baridi kali. Wanakijiji waliingia kwa mafungu, viatu wameacha mlangoni. Mara ngoma zilipoanza, vichwa vyao vyote viligeuka pamoja, kulia, nyuma, kushoto, wakimfuata mtu ambaye hayupo. Mke wa Mzee Maeng alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Nani huyu nyuma yangu anayechelewa?" alifoka. "Ni Bok! Miaka yote anachelewa hapohapo!"

Bok mwenyewe alikuwa pembeni yake, na chumba kizima kikaangua kicheko, yeye akicheka kuliko wote huku machozi yanamtoka.

Gumju alimsogelea dada yake upande wa kulia. "Na wewe, unasikiaje?"

"Uji," Yonhwa alisema. "Uji mzito wa ngoma."

"Pole, dada."

Iliuma, asingedanganya. Alikuwa amejenga nyumba ambayo hawezi kuingia chumba chake kizuri. Lakini aliwatazama wale watu wakigeuka, akawaona wakifika kila mahali alipotaka wafike, na hakutaka kubadilishana nafasi na mtu wa kupanga ratiba.

Nje alimkuta mtawa wa hekalu la mlimani akimngojea, kofia mkononi. Alisema wana kengele ya alfajiri na msitu wa misonobari unaoijibu, na amesikia kuna mwanamke anayejua kurekodi vinavyozunguka.

"Kengele hunyamaza polepole," Yonhwa alimwambia. "Mwisho wake ni mdogo sana, na maiki zangu hizi zina mvumo. Zitaufunika. Nitahitaji nyingine, na kuzipata itachukua muda."

"Kengele haina haraka," mtawa alisema.

"Basi twende sasa hivi nikaone pa kusimika mlingoti, kabla jua halijazama."

Akafunga kamba za viatu, akashika njia ya mlimani, mtawa akilazimika kukaza mwendo ili asiachwe.