Kipini Kisichozibwa Nyuma

Jiwe la kipini cha Bi Kaltuma lilitoka wakati wa udhu wa alasiri, alipokuwa akipandisha maji puani. Lilikuwa jiwe jekundu, dogo kama punje ya mtama. Yeye na wifi yake Kulthum walilitafuta karoni, wakachekecha mchanga wa uani kwa chekeche la unga, wasilione. Kipini hicho kilikuwa zawadi ya mwanawe Fahima, aliyekinunua Arabuni anakofanya kazi za nyumbani, akakituma Mambrui kwa mkono wa mahujaji. Mkataba wa Fahima ulikuwa karibu kwisha, na Bi Kaltuma alitaka mtoto arudi akikute kipini kizima.

Alipomaliza kusali alisikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa samli. Kulthum alikuwa hajawasha jiko. Kisha ikaja harufu ya dawa ya jiki, nyingi, kama ya kuoshea sakafu kubwa, kisha ya pasi ya moto juu ya nguo mbichi. Bi Kaltuma alifunika kipini kwa kidole, harufu ikakatika. Akaondoa kidole, ikarudi.

"Ni huko kwa Fahima," alisema.

Kulthum alisogea hadi pua zao zikakaribia kugusana, akanusa. "Wanapika nyama. Usivute sana, wifi, utawamalizia mchuzi wa watu."

Kesho yake Bi Kaltuma alikwenda Malindi kwa Abdillahi, sonara. Abdillahi alimwamkia, akampa kiti kilichokuwa karibu na feni, mwenyewe akakaa kwenye joto. Alikitazama kipini kwa kioo chake, akakigeuza, kisha akakinusa kama mtu anayepima maziwa kama yamelala.

"Hii kazi ya nje, Bi Kaltuma. Sisi huziba nyuma ya jiwe kwa kibati. Wao huacha wazi ili mwanga upite. Sasa jiwe likitoka, hakuna tena kinachozuia."

Bi Kaltuma aliuliza kama huletewa vingi vya namna hiyo. Abdillahi alisema ni vingi, hasa kutoka kwa wenye watoto huko. Wiki iliyopita aliletewa pete iliyokuwa ikitoa vumbi la jangwani, ikamchafulia meza yote. Alijaribu mawe aliyokuwa nayo dukani, hakuna lililokaa, kwa sababu kucha za kushikia jiwe zilikuwa na kipimo cha kigeni. Angeagizia Mombasa. Kwa sasa alimshauri akivae hivyo hivyo, tundu la pua lisije likajifunga.

Basi akakivaa, na kwa kukivaa akazijua siku za Fahima. Kabla ya alfajiri ilikuwa jiki. Mchana ilikuwa nyama, hiliki na wali wa zafarani, harufu za mtu anayekoroga sufuria, lakini magharibi, wakati Fahima anapokula, ilikuja ya mkate mkavu na chai ya rangi. Baada ya isha ilikuwa sabuni ya unga na nguo zilizolowa, hivyo Bi Kaltuma akajua mwanawe analala chumba cha kufulia. Kwenye simu Fahima alikuwa amesema ana chumba chake, kina dirisha.

Jumatatu moja, baada ya adhuhuri, ilikuja harufu ya mafuta yaliyochemka, kisha ya ngozi iliyoungua, kisha ya dawa ya meno, ile ambayo watu hujipaka wakiungua. Bi Kaltuma aliketi uani akingoja harufu ya hospitali. Haikuja. Kulthum alimletea mkeka, akaketi naye mpaka jua likatua.

Fahima alipopiga simu, manukato ya mwanamke mwingine yalijaa puani kwa Bi Kaltuma. Alijua bibi wa nyumba amesimama hapo hapo.

"Mkono haujambo?" aliuliza.

"Haujambo, mama. Niko sawa."

Bi Kaltuma alivaa buibui akaenda Kilifi, kwa wakala aliyempeleka Fahima. Wakala aliitwa Jedida. Alimkaribisha vizuri, akaagiza soda baridi, akainama na kunusa kipini alipoombwa. Akakubali kwamba hiyo ni jiki, na kwamba chini yake kulikuwa na harufu ya kidonda. Ila mkataba, alisema, hautaji harufu popote. Isitoshe, mkataba wenyewe ulikuwa umeshaongezwa. Nyumba ikimpenda msichana huwa hivyo.

"Nani kautia sahihi?"

"Mwajiri, mama. Pasi anayo yeye."

"Pasi anayo Fahima," alisema Bi Kaltuma. "Anapiga nguo kutwa, naisikia hapa."

"Si ya nguo. Pasi ya kusafiria. Wameifungia kabatini."

Bi Kaltuma alimaliza soda yake, maana ilikuwa imeshafunguliwa. Alimwambia Jedida kwamba atarudi tena, na tena, kila Jumanne mpaka mtoto aje. Jedida alisema anakaribishwa, akamshika mkono kwenye ngazi zote asianguke. Bi Kaltuma alimwombea dua kwa ajili ya ngazi.

Jumatano alipika mbaazi za nazi, akaitwa mlangoni, zikashika chini. Alhamisi simu ikalia.

"Mama, jana mliunguza mbaazi?"

"Ni huyu Kulthum, kaniita mlangoni."

"Nilikuwa nafua, harufu ikanijia. Nikasema, hizi mbaazi zataka maji."

"Nisingizieni tu," alisema Kulthum kutoka jikoni.

"Nipikieni samaki wa kupaka," alisema Fahima. "Tieni ndimu ya kutosha." Manukato yakasogea, sauti ikasema jambo kwa Kiarabu, na simu ikakatika.

Asubuhi yake Abdillahi alituma salamu kwamba jiwe limefika. Lilikuwa jekundu kuliko lile la kwanza. Alilibana kwa kucha za dhahabu, akaliziba nyuma kwa kibati, akampa Bi Kaltuma kioo. Lilimpendeza. Alivuta pumzi, akasikia harufu ya duka tu, vumbi na makaa.

"Litoe, mwanangu."

"Limekaa vizuri, Bi Kaltuma."

"Limekaa vizuri sana. Litoe."

Abdillahi alilitoa pamoja na kibati, akazisugua kucha kwa tupa ndogo zisije zikamkwaruza, akalifunga jiwe kwa pamba na kulitia kwenye kopo. Humo mlikuwa na vifurushi vingine vya pamba, kila kimoja na jiwe lake.

Bi Kaltuma alirudi Mambrui na samaki aina ya changu. Alimbanika juu ya makaa, akampaka tui zito, akakamua ndimu mbili. Samaki alipoanza kulia, alisogeza kigoda karibu na jiko, akaweka uso juu ya moshi na kuvuta pumzi polepole, bila haraka, mtoto apate kushiba.

Kutoka upande wa pili jiki ilipungua, kama ya mtu aliyeweka kitambaa chini akainua kichwa. Bi Kaltuma alikaa vivyo hivyo, macho yakimtoka machozi ya moshi. Kisha jiki ikaanza tena.