Unga wa Kuku wa Kalondu

Kalondu hakuwa mtu wa kusitasita. Kijiji kizima cha Marungu kilijua kuku wake hawafi ovyo, na aliyetaka kujua siri alipewa kijiko cha unga wa njano, antibiotiki ya mifugo aliyowatilia kuku kwenye maji. Aliununua mjini Voi na kuugawa bila choyo. Ikiwa ulitibu kuku, ungeshindwaje na kidonda cha mtu? Mumewe Mwanzia alipojikata mguu kwa jembe, akamnyunyizia. Hata alipolazwa hospitalini Voi, Kalondu aliuingiza wodini ndani ya leso. Manesi wakigeuka tu, bandeji inafunguliwa, unga unamwagwa. Yalikuwa mapenzi hayo, msimcheke.

Lakini mguu ulizidi kuvimba. Daktari Nzuki akasema wazi: sindano zimegoma, na isipopatikana dawa nyingine kufikia Ijumaa, mguu utakatwa chini ya goti.

Everlyne wa maabara akaja kitandani na swali. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyependa porojo.

"Mama, bakteria za kidonda hiki nilizipima siku mzee alipoletwa. Sindano ilikuwa inaziua. Sasa hazisikii. Kuna kitu kimewekwa hapa?"

"Kitu gani tena?" Kalondu akajibu, leso ameikalia.

Akamtazama mumewe. Mwanzia, mtu ambaye hakuwahi kuonekana amekaa mchana, alikuwa ameushika mguu wake kama anayeuaga. Moyo wa Kalondu ukauma. Mficha uchi hazai, akajiambia, na mficha unga atazika mguu. Akaivuta leso.

"Ni wa kuku. Nimemwekea kila siku. Lakini wadudu wa kuku na wa mtu, wapi na wapi?"

Everlyne hakugomba. Aliagiza kinyesi cha kuku hao, kikaletwa na bodaboda kutoka Marungu. Katika kisahani kimoja akachanganya bakteria za kuku, ambazo zenyewe hazikuwa na madhara, na zile za kwanza za kidonda alizokuwa amezihifadhi kwenye friza. Baadaye akamwita Kalondu aone. Bakteria za kidonda zilikuwa zimestawi juu ya dawa ileile ya sindano iliyokuwa ikiziua.

"Za kuku zimezipa hizi kipande cha vinasaba," akasema. "Kidondani zilifika kwa mikono yako na leso hiyo. Bakteria mbili zikigusana, moja hunakili kipande hicho na kuipa nyingine, hata kama si za jamii moja. Ndani yake mna usugu kwa unga wako na kwa sindano yetu, umefungwa pamoja. Halafu unga ukaziua zile dhaifu, ukaziachia hizi shamba."

"Na inayotoa haipungukiwi?"

"Haipungukiwi."

"Kama moto, basi. Jirani akija kuomba kaa, wangu hauzimiki."

"Ndivyo hasa, mama. Ndiyo maana unga lazima ukome leo."

Kisha akamwonyesha kisahani kingine, ambamo alikuwa ameweka dawa mbalimbali juu ya bakteria za kidonda. Kandokando ya dawa moja tu palikuwa peupe, hapakumea kitu. Daktari Nzuki akaianza dawa hiyo saa ileile. Ijumaa ikapita bila msumeno, na Jumapili Mwanzia akauliza kwa nini hospitali hii ina ugali mdogo hivi. Kalondu akalia kwa furaha, mbele za watu, bila kujificha.

Furaha haikumkalisha. Aliporudi Marungu alipita nyumba kwa nyumba akidai unga wake. Wengine walimcheka, wengine walinuna wakidhani amekuwa mchoyo. Hakujali; aliukusanya kwa mmoja mmoja, akawaeleza jinsi mguu wa Mwanzia ulivyoponea chupuchupu.

Kwa Mwende, dada ya Mwanzia, alipokewa kwa shangwe.

"Karibu wifi! Ungechelewa ningekufuata, wangu umeisha." Mwende akauinua mkono wa kushoto. Kiganja kilikuwa kimevimba, kimepakwa njano tupu. "Kisu kilinikata. Sikusumbuka na hospitali. Nikasema, si niko na dawa ya Kalondu?"

Kalondu akakishika kile kiganja. Kilikuwa na joto kali.

"Vaa viatu, twende Voi," akasema. "Na wakiuliza nani alikupa unga huu, nitaje."