Wimbo wa Nne wa Mwalimu Mithika

Kanisa lilipokaribia kutimiza miaka hamsini, wazee waliamua kwamba igizo la nyimbo la mwaka wa themanini na nne lichezwe tena pale Mikinduri. Lilikuwa na nyimbo tisa, kwaya nzima, na hadithi moja: bwana mkali, mkewe, na toba. Enzi hizo Gladwell ndiye aliyeigiza mke, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa hiyo kazi ya kuwafundisha vijana ilimwangukia yeye. Alikubali bila kusita.

Nafasi ya mke alipewa Kathambi, anayeuza katika duka la dawa za mifugo. Sauti alikuwa nayo. Nyimbo tatu za kwanza alizishika kwa juma moja tu. Wa nne aliusoma, akafunga daftari.

"Mama Muthomi, huu siimbi," alimwambia Gladwell.

"Una nini?"

"Mtu anapigwa kwa sababu githeri imechelewa kuiva, halafu anapiga magoti kushukuru kwamba amefunzwa? Na watu wacheke?"

"Ni mchezo tu, Kathambi. Zamani watu walicheka mpaka machozi."

"Hao walikuwa wa zamani. Sisi tulimzika Ednah Desemba."

Ednah alikuwa mwimbaji mwenzao, na kila mtu alijua aliuawa na nani.

Kesho yake Gladwell alikwenda kwa Mwalimu Mithika, mtunzi wa igizo, ambaye sasa ana miaka themanini na miwili na hatembei bila mkongojo. Alimkuta akipukuchua mahindi, akamwomba wimbo wa nne uondolewe.

"Ukiuondoa," mzee alisema, "yule bwana kwenye wimbo wa nane atatubu kosa gani?"

"Lakini Mwalimu, siku hizi hauchekeshi."

Mithika aliweka gunzi chini. "Mimi niliandika kilio, Gladwell. Kicheko ulikileta wewe."

Ilikuwa kweli, na njia nzima ya kurudi nyumbani ilimkaa rohoni. Siku ile ya kwanza, mwaka wa themanini na nne, alipofika kwenye wimbo huo, alimwona mama yake kwenye benchi la pili, shavu bado limevimba. Akaona hawezi kuuimba ulivyo. Akashika makalio, akarukaruka, akawakonyeza watu. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mama yake naye alicheka, mdomo ameufunika kwa leso. Tangu hapo kila aliyeuimba aliuimba hivyo.

Jioni alimweleza Kathambi hayo yote bila kuyapamba. Binti akauliza wimbo ulikuwaje kabla ya mizaha. Gladwell akamwimbia polepole, kwa sauti iliyokwisha kukwaruza.

"Hivyo nitauimba," Kathambi alisema. "Lakini magoti sipigi."

"Usipige."

Siku ya sherehe watu walijaa hadi mlangoni. Wimbo wa nne ulipoanza, baadhi ya wazee walicheka mapema, kwa mazoea, wakingoja kurukaruka. Kathambi alisimama wima akaimba, na vicheko vikazima kimoja kimoja. Ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Gladwell, pembeni ya kwaya, alijikuta akimtafuta mama yake kwenye benchi la pili, ingawa alikuwa amemzika miaka kumi na mmoja iliyopita.

Si kwamba yote yalikwenda vizuri. Wimbo wa tano na wa sita, nyimbo za kusifu ng'ombe na shamba, zilichosha mno. Vijana wakatoka kwenda kunywa soda. Na baada ya igizo Kobia, katibu wa kanisa, alimjia Gladwell uso ameukunja.

"Mmetuharibia mchezo. Tulikuja kufurahi."

"Maneno ni yale yale, Katibu. Hatukubadilisha hata moja."

Kobia akaenda zake.

Jumatatu Mithika alimwita. Kanisa moja la Embu lilikuwa limeomba igizo lipelekwe huko mwezi wa nane. Gladwell alidhani atamkuta akijivuna. Alimkuta na kalamu nyekundu, amekwisha kufuta wimbo wa tano na wa sita.

"Niliwaona wakitoka," mzee alisema. "Hawakukosea. Hata mimi nilisinzia."

"Na wa nne?"

"Huo usiuguse." Akamsukumia daftari. "Nenda ukatoe nakala kabla sijabadili nia."