Sekunde Arobaini za Kofia

Kuruthumu binti Sufiani alipoteuliwa kuwa jaji, mtaa mzima wa Dunda ulidhani ameingia mahakamani. Mzee Abdulwahab, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifika asubuhi na mapema na karatasi za shamba lake la Miono, lile alilodhulumiwa na shemeji yake, akaziweka mezani na kusema sasa mambo yamekuwa mepesi. Ilibidi aelezwe taratibu kwamba jaji huyu hafungi mtu wala hafungui mtu. Ni jaji wa filamu. Huko Ulaya ya kaskazini, kwenye baridi ya kuuma meno, kuna tamasha la filamu za maisha ya kweli na vipindi vya televisheni, na mwaka huu walitaka jopo lao liwe na mtu wa pwani yetu. Wakamchagua Kuruthumu, mhariri wa filamu, ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akikata picha za watu na kuziunga. Kazi yenyewe aliifanyia nyumbani Bagamoyo, kwenye kompyuta, na majaji wenzake walikutana naye kwa mtandao.

"Jaji gani huyo asiye na hata askari mmoja," alinung'unika mzee, akikusanya karatasi zake.

Aliyeelewa vibaya kuliko wote alikuwa mama yake, Bi Miza, na huyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

"Hao watu wa kaskazini," alisema, "si ndiko ilikokwenda meli ya mdogo wako? Basi waulize. Jaji akiuliza, hujibiwa."

Mdogo wake ni Mikidadi. Miaka saba iliyopita alipata kazi kwenye meli ya uvuvi ambayo hata bendera yake haikujulikana ni ya nani. Alipiga simu mara tatu. Ya mwisho alikuwa akicheka, anasema huko samaki wanatoka majini wameshaganda tayari, friji ya nini. Baada ya hapo, kimya. Kuruthumu alipanda na kushuka ngazi za ofisi mpaka viatu vikaisha soli, na hakuna aliyejua lolote. Mwaka wa nne akamshauri mama yake wamsomee khitma, kisomo cha marehemu. Bi Miza hakusema naye siku tatu.

"Aliye hai hasomewi," alisema siku ya nne. "Huko ni kumwapiza."

Bi Miza ni fundi wa kofia za vito, zile zenye vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja kwa mkono mpaka macho yaume. Nyumba yao ilikuwa na desturi moja, na kwa desturi hiyo walitaniwa sana. Msafiri hapewi kofia iliyokamilika. Nyuma, kwenye kisogo, Bi Miza huacha vitobo vitatu bila uzi, mwenyewe arudi vimaliziwe. Marehemu mzee Sufiani alikuwa akienda Lugoba tu kufuata mahindi, na kofia yake ina vitobo vitatu vitupu, watu wanacheka, na jioni karudi, na mkewe kachukua sindano. Mikidadi naye alivishwa ya kwake. Tangu aondoke, kila Idd Bi Miza humshonea nyingine na kuiweka sandukuni, nayo imeachwa vile vile.

Sasa, filamu zilikuwa ishirini na mbili, na siku tisa. Kuruthumu alifanya wanachofanya majaji wengi na kukinyamazia: aliziharakisha. Unabonyeza mahali, picha zinakimbia mara mbili ya mwendo wake, watu wanaongea kama cherehani, na wewe unaandika alama zako. Ya kumi na saba ilihusu mzee mmoja wa bandari ya huko, mtunza vitu vya maiti wanaotupwa na bahari pasipo majina. Kila maiti ana kasha lake na namba yake. Kuruthumu aliitazama huku akipuliza chai, akaandika: "Nzuri, ila imezubaa. Kasha la thelathini na moja, sekunde arobaini za kofia. Zikatwe, zibaki tano." Akafunga, akaenda ya kumi na nane.

Kikao kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Walikuwa watatu: mwenyekiti, Kuruthumu, na mama mmoja wa huko aitwaye Solveig. Walipofika filamu ya kumi na saba, Kuruthumu alisoma maneno yake bila kusita, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake.

Solveig alitikisa kichwa. "Mimi naona pale ndipo penye filamu," alisema. "Ile kofia imeshonwa kwa mkono, yote, kwa uvumilivu wa ajabu. Lakini nyuma kuna vitobo vitatu havina uzi. Nimejiuliza wiki nzima. Fundi alichoka? Aliitwa? Kwa nini vitatu tu?"

Kuruthumu aliomba radhi akazima kamera.

Aliirudia filamu, safari hii kwa mwendo wake halisi. Mzee wa bandari akafungua kasha polepole, akaitoa kofia kwa mikono miwili. Akasema kijana huyu aliokotwa mwezi wa pili, hana karatasi, amezikwa pembeni ya makaburi ya mji. Akasema kila mwaka anaifua kofia hii mwenyewe isije ikaota ukungu, kwa sababu aliyeishona huenda siku moja akaiulizia. Kisha akaigeuza. Mchoro ulikuwa wa majani ya mkungu, mchoro ambao Kuruthumu alikua akiuona magotini pa mama yake. Na kisogoni, vitatu vitupu.

Alilia akijibana mdomo kwa kanga. Alimlilia Mikidadi, na alijililia mwenyewe, maana ndugu yake alipita mbele ya macho yake na yeye akaona anachelewesha. Miaka yote alikuwa akitafuta ushahidi wa kumpa mama yake ili wasome khitma yaishe. Leo anao, na angetoa chochote asiwe nao. Alikuwa ametia saini kiapo kwamba filamu hizi hatamwonyesha mtu kabla ya tamasha. Angeweza kujificha nyuma ya kiapo hicho. Mama yake angeendelea kushona kofia ya Idd, angeendelea kuamka ana jambo la kungojea. Nani angemlaumu?

Akatoka chumbani, akaenda ukumbini. Bi Miza alikuwa mkekani, miwani puani, sindano mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Bi Miza hakuinua macho. Swali lake lilikuwa lile lile la kila siku wiki ile. "Umewauliza?"

Kuruthumu alifungua kinywa aseme bado. Mama yake akainua macho, akamtazama usoni, na sindano ikasimama.

"Wamejibu," alisema Bi Miza.

"Wamejibu, mama."

"Nionyeshe."

Kuruthumu alileta kompyuta, akaiweka juu ya mkeka, akaketi bega kwa bega na mama yake, akabonyeza. Bi Miza hakujua lugha ya yule mzee wala hakuihitaji. Kofia ilipotoka kwenye kasha alivuta pumzi. Ilipogeuzwa, alisema kwa sauti ndogo, "Mkono wangu huo." Kisha, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Hakupiga ukelele. Machozi yalimtiririka tu, yakashuka mpaka kwenye bafta nyeupe iliyokuwa magotini, ile aliyokuwa akiishona kofia ya Idd.

"Kaoshwa?" aliuliza. "Kazikwa vipi?"

"Sijui, mama. Nitawaandikia leo hii. Tutamsomea."

"Tutamsomea," alikubali Bi Miza.

Akanyoosha kidole, kile chenye sugu ya sindano, akakiweka juu ya kioo, juu ya kitobo cha kwanza, akakizungusha polepole namna anavyozungusha uzi. Akaenda cha pili. Kabla hajakifikia cha tatu, picha ikabadilika. Ikaja bahari, na ndege weupe.

Bi Miza alibaki na kidole hewani.

"Mbona wameiondoa upesi hivyo?" alisema. "Nani kaikata? Rudisha, mwanangu. Sijamaliza."

Kuruthumu akarudisha.