Siku Moja Kila Miezi Mitatu

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mimi Yusra Hanifu wa Kidato cha Tatu nawatangazia wananchi wote kwamba mwaka 1998 niliwaletea haki wafanyakazi wa shule yetu ya bweni, nje kidogo ya Kongwa. Ukweli ni kwamba nilitaka tu kumkomoa mwalimu mkuu, aliyenifyekesha nyasi wiki nzima.

Nilibandika tangazo: wapishi, walinzi na wafua nguo wote wafike ofisini kwake Jumatatu, kila mmoja na picha mbili, waandikishwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Muhuri niliuchonga kwa kiazi kitamu: twiga wa miguu mitatu. Mguu wa nne ulikatika kwa bahati mbaya.

Walifika wamevaa nguo za Idi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Damas, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Nyie vibarua! Mfuko ni wa walioajiriwa."

Kila miezi mitatu waliachishwa kazi siku moja, kesho yake wakachukuliwa upya, ili wasihesabike kamwe kuwa waajiriwa. Wengine wakaondoka. Lakini Mama Mwanne, mpishi wetu kutoka Kondoa, ambaye goti lilishaanza kumgomea, alilibandua tangazo, akalifunga kwenye pindo la khanga, akachukua daftari la stoo, akapanda basi la Dodoma.

Aliporudi alitusimulia huku akikoroga uji.

"Yule bwana wa mfuko kaniambia, 'Mama, tangazo hili ni feki.' Nikamwambia, 'Haya, tangazo feki. Na goti langu je?' Akaniuliza siku zile za kuachishwa nilikuwa wapi. 'Jikoni! Mabinti mia tatu wangekula nini?' Nikamfungulia daftari la stoo. Kila siku nimepokea unga, kila siku dole gumba langu lipo."

Miaka tisa, bila pengo hata moja.

Alhamisi bwana huyo, Bwana Swalihu, akaja na fomu na lile tangazo. Tukajazana dirishani. Mwalimu Damas akaweka mezani, kando ya tangazo, kiazi kilichonyauka, kilichookotwa nyuma ya jiko.

"Kiazi ni cha jikoni kwake. Mghushi haandikishwi. Anaondoka leo, na safari hii si kwa siku moja."

"Nani alikuomba kiazi, mama?" Bwana Swalihu akauliza.

Mama Mwanne alijua. Nilimwomba mimi, nikamwambia ni cha somo la baiolojia. Akanitazama, kisha akautazama ukuta.

"Viazi ni vingi, baba. Wewe jaza fomu."

Nikalikumbatia daftari langu. Bwana Swalihu akanyoosha kidole dirishani. Juu ya jalada alisimama twiga wa miguu mitatu, jaribio langu la kwanza la muhuri.

"Binti, huyo mnyama wako anatoka mbuga gani?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni. Lakini niliiona fomu: jina la Mama Mwanne limeshaandikwa, mahali pa saini ya mwajiri pakiwa patupu.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Twiga ni wangu. Kiazi nilichonga mimi, tangazo niliandika mimi, na Mama Mwanne nilimdanganya. Nifyekeshe kutoka hapa mpaka Mpwapwa. Ila weka saini kwanza."