Namba Moja, Watu Thelathini na Wanane

Kibandani kwa Binti Kompyuta mlikuwa na meza moja na kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Nje, benchi lisilopoa. Alijifunza mwenyewe, kwa simu ya kuazima, mpaka akaweza kuwaandikisha wapagazi wa sokoni bima ya afya ya serikali pasipo mtu kushinda kwenye foleni. Fomu ilidai namba ya simu, na wao simu hawakuwa nazo.

"Weka yako, binti," walimwambia. "Kwani wewe ni mgeni?"

Akaweka. Watu thelathini na wanane kwa namba moja, na kifua mbele.

Jumatatu kadi zote zikafungwa. Baba yake, fundi viatu aliyekwisha kuanza kushona kwa kupapasa, naye alikuwa miongoni mwa hao thelathini na wanane, na alikuwa apasuliwe macho Alhamisi.

Afisa wa bima hakuinua hata uso. "Mfumo unaona mtu mmoja mwenye majina thelathini na manane. Huo ni wizi."

"Wizi? Njoo sokoni uone migongo yao!"

"Mfumo hauendi sokoni, dada. Namba moja, mtu mmoja. Chagua wa kubaki. Wengine waanze upya, kila mtu na simu yake. Kusubiri ni miezi sita."

Akamkumbuka Mama Magunia, mpagazi mwenye mimba ya miezi minane, aliyemtania asubuhi ile ile: "Nikizaa mtundu, nampa jina lako." Kisha akaandika jina la baba yake.

Siku bandeji ilipofunguliwa, mzee alitembea hadi kibandani akisoma kila bango kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlangoni akasimama.

"Mwanangu, si ulisema benchi hili halipoi? Watu wako wako wapi?"

Binti akawasha kompyuta, ingawa hapakuwa na wa kuhudumiwa. "Wanatafuta simu, Baba."

"Wote? Hata yule mama mjamzito, mcheshi?"

"Alijifungua juzi, kwa kisu. Hospitali haimruhusu kutoka mpaka alipe. Hana kadi."

"Na mimi nilitibiwa kwa kadi gani?"

Mzee akaketi peke yake kwenye lile benchi refu, jua likimpiga usoni, akafumba macho yake mapya.