Mapipa Kumi na Tisa

Saa tano na robo asubuhi fundi wa kompyuta aliingia chumba cha michanganyo na kutoa habari mbaya kwa furaha, kama mtu anayetangaza harusi.

"Jamani, saa sita kamili umeme unakatwa. Swichi kubwa inabadilishwa. Kila mashine izimwe kabla, nisije nikalaumiwa mimi."

Makarani wawili wa ukutani walichekelea, maana bila umeme hakuna kazi. Karani wa dirishani hakucheka.

Chumba hicho ndicho kilichotunza siri za kiwanda cha rangi, unga kiasi gani na mafuta kiasi gani, na meneja alikuwa amekiziba kama chupa. Simu, kalamu, karatasi, hata tiketi ya basi, vyote vilibaki kwenye sanduku la mlinzi getini. Matundu ya kuchomekea flashi yalijazwa gundi. Printa ilikaa ofisini kwa meneja mwenyewe, na faili lolote ulilohifadhi, dakika hiyohiyo nakala yake ilitua kwenye mashine yake. Neno likishaingia humo, basi, halikuwa na pa kutokea.

Na humo ndimo karani alimokuwa ameficha maneno ya Baba Mdogo.

Baba Mdogo alikuwa mdogo wake baba yake. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na kwa miaka ishirini na sita alichanganya rangi kule chini mpaka kifua kikaisha. Mikono ilimtetemeka, kalamu haikushikika. Lakini macho yalikuwa mazima, na yaliona mapipa ya kiyeyusho cha rangi kilichopigwa marufuku zamani kwa kula mapafu yakibandikwa lebo mpya juu ya zile za zamani. Kila siku alibandua pembe za lebo mbili tatu, akasoma namba iliyokuwa chini, akairudishia. Mchana alipanda ngazi akihema, namba ziko mdomoni, maana alijua zikifika jioni zimeshayeyuka. Karani alichapa palepale, maana naye hakukiamini kichwa chake kuzifikisha nyumbani. Siku tisa, mapipa kumi na tisa.

Mahali pa kuziweka alipapata kwa fundi huyuhuyu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Mwaka jana karani alimuuliza kwa nini mashine yake inajivuta, akapewa darasa zima.

"Kumbukumbu ya mashine si moja, dada yangu. Kuna RAM. Hiyo ni meza: kazi unayoifanya sasa hivi imetandazwa hapo, mkono unafika chapuchapu, ila umeme ukikatika meza inapinduliwa. Diski ni kabati. Ukifungia kitu humo utakikuta hata mwakani. Halafu ipo ndogo sana inaitwa kache, kama mfuko wa shati, mambo ya haraka haraka tu. Na ROM, hiyo huongezi wala hupunguzi. Mashine imetoka nayo kiwandani, ndiyo inayoifundisha kuamka."

"Na meneja anaona ipi?"

"Anaona kabati. Meza yako ataionaje?"

Basi karani akafungua lile daftari jepesi la kompyuta, lile lisilojihifadhi lenyewe, akachapa bila kuhifadhi hata herufi. Aliwaambia wenzake mashine yake ni mgonjwa, ikizimwa haiamki, na ikaachwa inaunguruma mchana na usiku. Mtu mzima na akili zake anaficha mali kwenye kitu kinachosahau! Lakini usimcheke. Kabati lilikuwa na mwenyewe, na meza ndiyo iliyobaki. Mkaguzi wa usalama kazini alikuwa anakuja leo saa nane, naye angeyasoma yote palepale kwenye kioo.

Baba Mdogo alifariki Ijumaa. Jumapili wakamzika. Leo Jumanne karani amerudi kazini, macho yamevimba, akakuta maandishi yapo kama alivyoyaacha. Akamshukuru Mungu, na saa tano na robo fundi akaingia.

Alijaribu kufikiri, akajikuta anazunguka palepale. Akihifadhi, meneja ataona, na kabla ya saa nane mapipa yatakuwa kwenye lori. Asipohifadhi, saa sita maandishi yamekwenda. Kalamu hana. Akitoka kwenda kuitafuta, fundi atafika kwenye kiti chake na kuzima. Alitamani kupiga kelele, akabana meno. Hasira zilimpanda, hata marehemu hakusalimika: kwa nini hukungoja ufe wiki ijayo, Baba Mdogo?

Kilichobaki ni kichwa chake mwenyewe.

Akafungua maandishi, akaanza, kwanza mstari wa mapipa ghalani, kisha namba ya pipa. Mstari wa pili, nne moja sifuri saba. Mstari wa pili, nne moja tisa tisa. Alikariri kwa mwendo wa mashine ya kuchanganyia iliyosikika chini, duu-du, duu-du, kama alivyofanya Baba Mdogo akipanda ngazi. Katikati ya namba zilikaa porojo za mzee: hili lina tumbo kama la meneja, hili limenikohoza mpaka nikaona babu zangu. Aliziruka. Zingemjazia nafasi.

Chini kabisa, baada ya pipa la kumi na tisa, palikuwa na mistari minne isiyo na namba hata moja.

Hiyo aliikumbuka ilivyoingia, siyo ilivyosema. Ilikuwa siku ya mwisho, nyayo za meneja zilisikika kwenye ngazi, naye alichapa macho yako mlangoni, vidole vinakwenda, masikio hayapo. Baba Mdogo alianza, "Mwanangu, andika na hili." Yaliyofuata hakuyasikia.

Jicho lilitaka kushuka. Akalizuia kwa nguvu. Akiyasoma atalia, na akilia namba zitamwagika. Nikishazishika namba, alijiambia, nitasoma. Mstari wa tano, tatu nane nane mbili.

Fundi alikuja saa sita kasoro dakika kumi. Aliinama, akaona kioo, akaona midomo ya karani inavyokwenda. Kicheko kikafutika usoni. Alinyoosha mgongo, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Hii mgonjwa nitaizima ya mwisho!" Akaenda kuchokonoa mashine za wenzake ambazo zilishazimwa.

Karani alikuwa pipa la kumi na saba. La kumi na nane. La kumi na tisa akalirudia mara tatu, akashusha macho kwenye mistari ile minne.

"Mwanangu," alisoma, na kioo kikawa cheusi.

Kule kwenye swichi kubwa, fundi umeme alikuwa amewahi dakika mbili.

Saa mbili zilizofuata alikaa ndani ya kichwa chake na hakuthubutu kutoka. Wenzake walimwita wakale, akatikisa kichwa. Meneja alikuja kumpa pole, akamwekea mkono begani na kusema mzee alikuwa mtu wa watu. Karani alimtazama, midomo inacheza, bila kujibu hata asante. Meneja alijitoa polepole, akanong'ona kwamba msiba umempanda kichwani.

Mkaguzi alipoingia, karani alisimama kabla ya salamu.

"Andika," akasema. "Ghala la nyuma, bandua lebo. Mstari wa pili, nne moja sifuri saba."

"Huyu binti kafiwa juzi," meneja alidakia, "msamehe bure."

Mkaguzi alishachomoa kalamu, kwa kuwa yeye pekee aliruhusiwa kuwa nayo. Zilitoka zote kumi na tisa kwa mwendo wa duu-du, hata moja haikukwama. Wakashuka ghalani, na nusu saa baadaye mmoja wa makarani alipanda mbio kusema mapipa manane yamebanduliwa lebo na yote manane namba zimelingana, na meneja anatafuta pa kukaa.

Umeme ulirudi. Karani aliwasha mashine. Iliamka vizuri tu, haina habari ya lolote.

"Hakuna namna?" aliuliza.

Fundi kwa mara ya kwanza alikosa maneno mengi. "Ilikuwa mezani, dada."

Alibaki peke yake. Aliweka vidole kwenye herufi, akafumba macho, akavisubiri, kwa sababu vidole ndivyo vilivyosikia. Vilichapa: Mwanangu, andika na hili. Vikasimama. Alivisubiri tena, mpaka machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakaanza kudondokea mikononi.

Kisha akabonyeza hifadhi.